Mate, Mpishi wa Kwanza

Leo nawaomba mfanye jambo moja jepesi. Jioni, mtakapoketi kula, chukueni tonge dogo la ugali wa muhogo, huo tunaouita bukari, wala msilichovye katika sombe au mchuzi. Litieni kinywani, lakini msilimeze. Litafuneni polepole huku mkihesabu moyoni hata mfike sitini au zaidi. Mwanzoni tonge hilo halina ladha kubwa. Kisha, kidogo kidogo, utamu hafifu hutokea juu ya ulimi. Asiye na bukari na ajaribu kwa wali mtupu, naye ataona vivyo hivyo.

Je, sukari hiyo imetoka wapi? Mama hakuitia chunguni, wala hakuna aliyeinunua sokoni. Imetengenezwa kinywani mwenu wenyewe, na aliyeitengeneza ni mate. Watu wengi huyadharau mate na kuyahesabu kuwa uchafu wa kutemwa. Lakini mate ni mpishi wa kwanza wa chakula chetu, na kazi yake yafaa ijulikane na kila mtu aliye na mtoto mdogo nyumbani. Mtaona sababu yake mbele.

Wanga ni nini?

Katika nchi yetu ya Maniema ya kusini, tangu kingo za Lualaba karibu na Kasongo hata bonde la Luama upande wa Kabambare, chakula kinachojaza sahani ni kile kile: muhogo, mpunga, mahindi na ndizi. Baadhi ya vyakula hivyo vilitoka mbali. Muhogo na mahindi asili yake ni Amerika. Kilimo cha mpunga kilienezwa huku na Waarabu na Waungwana wa pwani katika karne ya 19, zama zile Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip. Lakini vyote vina jambo moja la shirika, nalo ni wanga.

Mama wanaokuna muhogo mtamu majini na kuuchuja wanaujua wanga kwa macho. Maji yakiisha kutulia, unga laini mweupe hutuama chini ya chombo. Ndio huo. Mmea huuweka akiba katika mzizi wake au katika punje, kama vile mkulima anavyoweka mavuno ghalani.

Na huo wanga wenyewe umefanywa na nini? Umefanywa na sukari. Fikirini ushanga: punje mamia na maelfu zimetungwa katika uzi mmoja mrefu. Punje ni sukari, na uzi wote pamoja ni wanga. Ulimi haitambui ile sukari maadamu imefungamana katika uzi, ndiyo sababu tonge halina utamu mwanzoni. Tena mwili hauwezi kuutumia uzi mzima, maana ni mrefu mno kupenya katika kuta za matumbo na kuingia katika damu. Hauna budi kukatwakatwa kwanza.

Kisu cha kwanza cha kuukata uzi huo kimo katika mate. Wataalamu hukiita amilasi, na zamani walikiita ptialini. Ni kimoja katika vile vitu tuviitavyo vimeng'enya. Kimeng'enya hufanya kazi kama chachu katika unga: kidogo chake hugeuza kitu kingi, nacho chenyewe hakiishi upesi. Amilasi huukata uzi wa wanga vipande vipande, hata kubaki vipande vya punje mbili mbili na vingine vikubwa kidogo. Vile vya punje mbili ni sukari iitwayo maltosi, nayo ndiyo uliyoionja katika tonge lako.

Yafaa kusema pia kwamba amilasi ya mate huweza kidogo sana juu ya wanga mbichi. Punje za wanga mbichi zimejifunga kama jiwe. Moto na maji ya chungu huzivimbisha na kuzipasua, ndipo kisu kipate pa kuingia. Kwa hiyo kazi ya jikoni na kazi ya kinywani ni moja, moja huianza na nyingine huifuata. Na mihogo michungu isitafunwe mbichi kamwe: sumu yake haiondolewi na mate, bali huondolewa kwa kuloweka siku za kutosha, kuanika vema na kupika.

Jaribio la wanafunzi

Ninyi wanafunzi msiniamini kwa maneno matupu. Hakikisheni wenyewe mbele ya mwalimu wenu. Pikeni kijiko kidogo cha unga wa muhogo katika maji mengi, hata mpate uji mwepesi mno, mwepesi kama maji yaliyochemshiwa wali. Uacheni upoe, kisha ujazeni katika bilauri tatu, nusu nusu. Mmoja wenu asukutue kinywa kwa maji safi, kisha ateme mate katika kikombe. Katika bilauri ya kwanza tieni kijiko cha maji matupu. Katika ya pili tieni kijiko cha mate. Katika ya tatu tieni kijiko cha mate yaliyochemshwa motoni. Koroga kila moja kwa kijiti chake, kisha ziwekeni mahali penye joto kama la mwili kwa muda wa nusu saa.

Sasa tieni katika kila bilauri matone machache ya iyodi, ile dawa ya rangi ya kahawia ambayo waganga wa zahanati hupaka vidonda. Iyodi ikikutana na wanga hugeuka kuwa buluu nzito karibu na nyeusi. Bilauri ya kwanza itakuwa nyeusi hivyo. Ya tatu kadhalika, kwa sababu kuchemsha kumeiua amilasi. Lakini ya pili itabaki na rangi ya iyodi yenyewe, au karibu nayo, maana wanga wake umekwisha kukatwa. Mkimaliza, mwageni vyote na kuosha vyombo. Asionje mtu.

Jambo hili lilianza kuandikwa na wataalamu wa Ulaya yapata miaka mia mbili iliyopita. Mwaka 1831 Mjerumani Leuchs alieleza kwamba mate hugeuza wanga kuwa sukari. Mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walikipata kimeng'enya cha namna hiyo katika kimea, yaani nafaka iliyooteshwa. Mwaka 1845 Mfaransa mwingine, Mialhe, akakitenga katika mate ya binadamu. Shikeni hayo mawili, mate na kimea, maana tutayarudia.

Safari ya tonge

Mate hutoka katika tezi. Zipo jozi tatu kubwa: jozi moja chini na mbele ya masikio, ndizo zinazovimba mtoto anapopatwa na matubwitubwi, jozi ya pili chini ya taya, na ya tatu chini ya ulimi. Zipo pia nyingine ndogo nyingi zilizotawanyika midomoni na mashavuni. Kwa siku moja mtu mzima hutoa mate yapata lita moja, pengine zaidi. Karibu yote ni maji, 99 katika kila 100. Katika ile sehemu moja iliyobaki mna chumvi, utelezi na amilasi. Tezi hizo hazingoji tonge liingie. Harufu ya sombe iliyoiva katika mawese, au hata kusikia kinu kikitwanga, yatosha kuzifungua. Ndipo husemwa kwamba mate yamejaa kinywani. Mrusi Ivan Pavlov, aliyechunguza mambo haya kwa kutumia mbwa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya usagaji wa chakula.

Basi, tonge huingia, meno hulisaga, ulimi huligeuza, mate huliloweka. Lakini chakula hakikai sana kinywani, na yakadiriwa kwamba mpaka tunapomeza ni sehemu 5 tu katika 100 za wanga zilizokwisha kukatwa. Je, kazi imekwisha hapo? La. Tumboni mna tindikali kali ambayo huivunja amilasi, walakini tindikali hiyo haiingii upesi katikati ya chakula kilichorundikana. Kwa muda wa nusu saa, pengine hata saa nzima, mate yaliyochanganyika vema na chakula huendelea kukata wanga humo ndani. Yakadiriwa kwamba sehemu 30 hadi 40 katika 100 huweza kukatwa kabla tindikali haijashinda.

Kisha chakula hupita katika utumbo mwembamba. Hapo hukutana na mpishi wa pili, jina lake kongosho. Huyu humimina amilasi yake mwenyewe, nyingi tena yenye nguvu, na kuimaliza kazi iliyosalia. Mwishowe kuta za utumbo hukata vile vipande vya mwisho kuwa punje moja moja ziitwazo glukosi, na damu huzichukua na kuzipeleka katika misuli, katika moyo na katika ubongo. Ndizo nguvu za mkulima shambani na za mwanafunzi darasani.

Hapa msomaji mwerevu ataniuliza: Ikiwa kongosho huimalizia kazi, kuna hasara gani nikimeza bukari bila kutafuna, kama tulivyozoea? Swali ni la haki. Nitajibu kweli: kwa mtu mzima mwenye afya hasara si kubwa. Anayemeza matonge mbiombio hupata kiungulia, au tumbo kujaa, au kukabwa na tonge, na hula kupita kiasi kabla hajajisikia ameshiba. Lakini wanga haupotei wote, kwa kuwa kongosho humlipia deni lake. Wazee waliopoteza meno nao huishi kwa msaada huo huo. Lakini yuko mmoja nyumbani asiye na wa kumlipia deni, naye ni mtoto mchanga.

Mtoto na uji

Mtoto anapozaliwa, mate yake yana amilasi kidogo sana. Huongezeka mwezi hata mwezi. Na kongosho lake, yule mpishi wa pili, katika miezi ya kwanza hutoa amilasi kidogo mno. Kwa hiyo tukimpa mtoto wa miezi miwili uji wa muhogo, tunampelekea kuni nyumba isiyo na shoka. Wanga mwingi hupita bila kukatwa, tumbo hujaa hewa, mtoto hulia au huharisha. Tena maji na kijiko humwingizia vijidudu. Na tumbo likiisha kujaa uji, hanyonyi vya kutosha.

Kinyume chake, tazameni maziwa ya mama. Sukari yake si wanga, ni ya namna ambayo utumbo wa mtoto umekwisha kuwa tayari kuikata. Na la ajabu zaidi, maziwa hayo yenyewe yana amilasi ndani yake, kana kwamba mama anamwazima mtoto kisu chake mpaka apate cha kwake. Ndiyo maana Shirika la Afya Ulimwenguni, tangu mwaka 2001, hufundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hata afike miaka miwili au zaidi. Mama akisikia jirani akimwambia, "Mtoto wako analia, hashibi, mpe uji," asimfuate. Amnyonyeshe mara nyingi zaidi, na kama ana shaka ampeleke mtoto zahanati.

Baada ya miezi sita huja shida ya pili. Uji ukiwa mwepesi, mtoto hujaza tumbo lake dogo maji mengi na unga kidogo. Ukiwa mzito, hawezi kuumeza. Bibi zetu walilijua jambo hili, ndiyo sababu wengine walimtafunia mtoto chakula kwanza na kumtilia kinywani. Hawakusoma vitabu vya Leuchs wala Mialhe, lakini walimkopesha mtoto meno yao na mate yao. Hatuwacheki. Ila leo twajua kwamba mate huweza kuchukua pia vijidudu vya magonjwa kutoka kwa mkubwa hata kwa mdogo, kwa hiyo desturi hiyo tuiache. Iko njia nyingine, nayo ni ile ya kimea.

Wale wapikao lotoko wanajua kwamba mahindi yakioteshwa, yakikaushwa na kusagwa, hugeuza muhogo uliopikwa kuwa mtamu na mwepesi kabla haujachacha. Pombe hiyo imebomoa nyumba nyingi, wala siisifu. Lakini elimu iliyomo ndani yake ni ya kweli, na yafaa kumlisha mtoto kuliko kumlevya baba. Katika miaka ya 1980, wataalamu wa chakula wa Tanzania waliichunguza njia hiyo na kuifundisha kwa ajili ya uji wa watoto. Hufanywa hivi. Mahindi au ulezi huoshwa, hulowekwa usiku mmoja, kisha huoteshwa siku mbili au tatu katika kitambaa safi chenye unyevu. Yasiyo safi au yaliyoota ukungu hutupwa. Hukaushwa juani, machipukizi husuguliwa yakatoka, kisha hutwangwa kuwa unga. Mama hupika uji mzito, huuacha upoe hata uwe vuguvugu, halafu hutia kijiko kidogo cha unga wa kimea na kukoroga. Baada ya dakika chache ule uji mzito hulegea na kuwa mwepesi, ingawa unga ndani yake haukupungua. Huuchemsha tena kidogo, huupoza na kumpa mtoto. Amilasi ya kimea imefanya kazi ya mate.

Wanga hautoshi

Lakini angalieni neno hili. Wanga hutia nguvu, haujengi nyama ya mwili. Uji wa muhogo mtupu, hata ukilainishwa namna gani, ni moto bila nyumba. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, aliyetumikia nchi iitwayo leo Ghana, alilitia katika vitabu vya uganga jina la kwashiorkor, lililotoka katika lugha ya Kiga ya huko, kwa ugonjwa unaompata mtoto anapoachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Miguu huvimba, nywele hubadilika rangi, uso huwa na huzuni. Watu hudhani ni mnono, kumbe ni uvimbe tu. Basi, katika uji tieni karanga zilizotwangwa, au maharage, au unga wa dagaa, au samaki wa Lualaba aliyetolewa miiba, au yai, pamoja na mawese kidogo.

Tena mpelekeni mtoto apimwe uzito. Kasongo yetu ina jina katika kazi hiyo: tangu miaka ya 1970, madaktari na wauguzi wa Mradi wa Kasongo, wakisaidiwa na Taasisi ya Tiba ya Antwerp huko Ubelgiji, waliwafuata watoto wa hapa mwaka hata mwaka, wakiwapima, na habari zao zikasomwa na madaktari wa nchi nyingi. Mizani huona kabla ya jicho la mzazi.

Si watu wote sawa

Kabla ya kuaga, niwaeleze ugunduzi mmoja unaotuhusu. Mwaka 2007 wataalamu George Perry na Nathaniel Dominy, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba watu hawana amilasi sawa katika mate. Urithi tuupatao kwa baba na mama una maagizo ya kutengeneza amilasi, na maagizo hayo yameandikwa mara nyingi: wengine wana nakala mbili tu, wengine kumi na zaidi, na sokwe kwa kawaida ana mbili. Aliye na nakala nyingi hutoa amilasi nyingi. Walilinganisha makabila. Wahadza wa Tanzania, wachimbao mizizi ya porini, walihesabiwa pamoja na Wajapani kuwa walaji wa wanga mwingi. Wambuti wa msitu wa Ituri, katika Kongo yetu hii, walihesabiwa pamoja na wafugaji Wadatoga kuwa watu ambao mababu zao walikula wanga kidogo. Walaji wa wanga mwingi walikuwa na nakala karibu 7 kwa wastani, na wale wengine karibu 5 na nusu. Asijivune mtu kwa hayo wala kumdharau mwenziwe. Maana yake ni kwamba chakula cha mababu, kwa vizazi vingi, kimeacha alama hata katika mate yetu.

Na meno je? Mabaki ya bukari yaliyonaswa katikati ya meno nayo hugeuka sukari, na vijidudu huifanya kuwa tindikali itoboayo jino. Mchana mate huosha na kuipunguza tindikali hiyo. Usiku, tulalapo, mate hupungua sana. Kwa hiyo asilale mtu kabla ya kupiga mswaki.

Basi, jioni ya leo, mtakapoketi kuzunguka sahani, kila mmoja na atafune tonge lake polepole hata lianze kuwa tamu. Na yule mdogo wa miezi miwili au mitatu aliye mgongoni mwa mama, asipewe tonge wala uji kwa huruma. Mate yake hayajawa tayari. Mwacheni anyonye, siku yake yaja.